Mahindi Yanaita Msaada, Mwizi Ndiye Anasikia

Kila bei ya unga ikipanda tunatafuta wa kulaumu: serikali, madalali, mvua. Kuna mwizi mwingine hatumtaji kabisa huku mtaani, kwa sababu kazi yake anaifanyia chini ya udongo. Anaitwa striga. Nyanza utasikia akiitwa kayongo, na wapo wanaodhani ni uchawi, maana mahindi hudhoofika kabla gugu lenyewe halijatokeza juu. Maua yake ya zambarau yanapendeza, lakini ukiyaona, jua shamba limeshaliwa.

Sayansi yake ni moto. Striga mmoja anaweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala ardhini miaka 10 na zaidi. Haziamki ovyo. Zinangoja kemikali kutoka mizizi ya mahindi au mtama, ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza ilitambuliwa 1966, na swali likabaki: mmea unamuitia nini adui wake? Jibu lilikuja 2005, watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba mmea hauiti striga. Unaita kuvu rafiki, zile zinazoishi mizizini na kuuletea fosforasi. Striga anadukua tu hiyo simu.

Sasa shika hapa. Udongo ukikosa fosforasi, mmea hutoa strigolaktoni zaidi. Yaani shamba lenye njaa ndilo linapiga kelele zaidi, na mwizi anasikia. Kwa hivyo sakata ya mbolea feki ya 2024 si stori ya gunia bovu tu. Mkulima aliyeuziwa mbolea isiyo mbolea alibaki na udongo uleule wenye njaa. Kama striga tayari yuko shambani, huyo mkulima ameachwa mlango wazi.

Kinachoudhi ni kwamba ujanja wa kumpiga upo, na ulifanyiwa kazi hapa kwetu. Mbita, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa icipe wakiongozwa na Zeyaur Khan waligundua kwamba ukipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, mizizi yake hutoa kemikali za aina mbili. Nyingine zinaamsha mbegu za striga, nyingine zinazizuia kushika mizizi ya mahindi. Striga anaamka, anakosa chakula, anakufa. Juu ya hayo, desmodiamu inaongeza naitrojeni kwenye udongo, na ng'ombe wanaila. Mbinu hiyo inaitwa vuta-sukuma, na imekuwepo tangu miaka ya 1990.

Mbona basi haiko kila shamba? Usiseme wakulima ni wakaidi. Desmodiamu inakawia kushika, na inakalia nafasi ambayo wengi hupanda maharagwe. Mwenye robo ekari na watoto wa kulisha hawezi kungoja hivi hivi. Anahitaji mbegu karibu na mtu wa kumwelekeza. Siasa nayo inapenda gunia, kwa sababu gunia unaligawa ukipigwa picha. Mizizi haina kamera.

Kuelekea 2027 ahadi za mbolea zitarudi. Wakija kuomba kura, waulize: udongo wetu umepimwa? Mbegu ya desmodiamu iko wapi? Kaunti imeajiri maafisa wangapi wa kilimo wanaofika shambani? Hata kama hujawahi kushika jembe, hiyo ugali ni yako.