Majengo ya zamani Jinja na Mbale yasibomolewe kiholela

Mimi ni mchuuzi wa masufuria na vyombo vya plastiki. Nikishavuka mpaka pale Malaba na kufika Tororo, huamua: leo nishike njia ya Mbale au niendelee hadi Jinja. Katika miji yote miwili biashara yangu imekuwa barazani, chini ya paa za majengo ya zamani ya Wahindi.

Wenzangu wa mpakani wanayajua vyema. Juu ukutani pameandikwa jina la mwenyewe na mwaka wa ujenzi, mengi yakiwa ya miaka ya 1920 na 1930. Mbele kuna nguzo na baraza pana, nyuma kuna ua na stoo. Barabara Kuu ya Jinja imejaa majengo ya namna hii.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba zao zikawekwa chini ya bodi ya serikali, wapangaji wakaingia, na kwa miaka mingi hakuna aliyepaka hata rangi. Sheria ya 1982 ya kurudisha mali hizo ilianza kutumika 1983, lakini wengi walirejea miaka ya 1990 na kukuta mabati yanavuja.

Sipingi haki ya aliyerejea. Mali ni yake. Ninachopinga ni tingatinga. Mwaka jana jengo nililokuwa nikiweka mzigo wangu Mbale lilibomolewa. Tulipewa wiki mbili tu kuhama. Sasa linajengwa ghorofa lisilo na baraza, na kodi ya chumba kimoja tuliyotajiwa ni kubwa kuliko ile ya duka zima la awali. Nani atanunua sufuria kwangu nikiilipa?

Tangu Jinja na Mbale zilipopandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020, kuna wanaodhani jiji ni vioo. Jamani, vioo viko kila mahali! Mtalii anayekuja Jinja kuona chanzo cha Nile hulala na kula katika nyumba hizo hizo kuukuu.

Wala si za Wahindi pekee. Semei Kakungulu, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mji wa Mbale, alifariki 1928 na kaburi lake liko Gangama, nje kidogo ya mji. Nimepita njia hiyo miaka mingi bila kulijua, hadi abiria mwenzangu aliponionyesha.

Sheria mpya ya makumbusho na turathi ya 2023 imechukua nafasi ya ile ya 1967. Basi mabaraza ya majiji haya yaorodheshe majengo kabla ya kutoa kibali kingine cha kubomoa. Mwenye jengo anayelikarabati na kuacha baraza apunguziwe kodi ya majengo, maana kumwambia atunze kwa mfuko wake peke yake ni uonevu. Nanyi mliorejea, kabla ya kumwita mkandarasi, waiteni wapangaji wenu. Baadhi yetu tungechanga fedha za mabati.

Fundi cherehani tuliyekuwa naye kwenye baraza lile sasa anashonea chini ya mwavuli karibu na mnara wa saa. Mvua ikinyesha, anafunika mashine kwa turubai na kungoja.