Mkate Hautoshi Kulipa Deni la Taifa

Kazi yangu ni kuandika hesabu za wenye vibanda soko la Kongowea, Mombasa. Serikali ilipopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, niliiona daftarini: nauli ya matatu juu, lori la viazi juu, faida ya muuza nyanya chini. Naye hana wa kumtwika mzigo huo. Mteja wake pia hana kitu.

Mwaka uliofuata wakaugeukia mkate, wakapendekeza nao utozwe VAT. Walipoliondoa pendekezo hilo kwenye Mswada wa Fedha, vijana walikuwa washaamka. Juni 25 wakaingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi mswada. Wiki mbili hazijaisha, Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaishusha Kenya daraja kutoka B3 hadi Caa1, ikihofia kwamba serikali haitaweza tena kukusanya mapato ya kupunguza nakisi.

Wachumi wetu hupima hatari kwa ukubwa wa deni. Sawa, lakini mkopeshaji hutazama pia nani anatakiwa kulilipa. Ukimkamua asiye na kitu, ataingia barabarani, na riba itapanda. Na hata kabla ya maandamano, Februari mwaka huo wa 2024, tulishakopa dola bilioni 1.5 kwa karibu asilimia 10.

Wenye uwezo wa kulipa wapo. Mshahara mnono hukatwa kodi hadi asilimia 35, lakini anayeuza kiwanja Nyali, mtaa wa matajiri, hulipa asilimia 15 ya faida, tena akiandika bei ya kweli (wengi hawaandiki, tuseme ukweli). Hazina ingeanzia huko.