Alice wa mashua ya Kageye

Kwenye mwalo wa Kageye, wilayani Magu, ndiko mvumbuzi Stanley alikoshusha mashua ya mbao katika Ziwa Viktoria tarehe 8 Machi 1875. Wapagazi walikuwa wameibeba vipandevipande tangu Bagamoyo. Iliitwa Lady Alice, na kila nikiitaja nasimuliwa habari za huyo Alice zisizo na msingi.

Eti alikuwa binti wa kifalme wa Uingereza, kwa kuwa aliitwa "Lady". Alice Pike alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Cincinnati, 1857, na hakuwa na cheo chochote. "Lady" ni pambo la Stanley tu.

Eti basi alikuwa mke wa Stanley. Walipeana ahadi ya ndoa tu, mwaka 1874, binti ana miaka 17. Januari 1876, Stanley akiwa bado katikati ya Afrika, Alice aliolewa na Albert Clifford Barney, mtoto wa mwenye kiwanda cha mabehewa ya reli huko Dayton. Stanley alikuja kumwoa Dorothy Tennant mwaka 1890.

Wengine, wasomi hao, hudai alitoka katika ukoo wa kale wa Kiingereza, na ushahidi wao ni jina Pike. Hapa ndipo penye utamu. Baba yake, Samuel Pike, alizaliwa Ujerumani mwaka 1822 katika familia ya Kiyahudi iliyoitwa Hecht. Hecht ni samaki wa maji baridi, mwenye meno makali, mla samaki wenzake kama sangara wetu. Waingereza humwita samaki huyo pike. Familia ilipohamia Marekani, jina likatafsiriwa, samaki akabaki yuleyule. Samuel akatajirika kwa wiski, akajenga jumba la opera Cincinnati, akafariki mwaka 1872. Anayefuata jina kwa sauti yake tu angekwenda kuutafuta ukoo huu Uingereza, na angerudi mikono mitupu.

Eti Alice alizikwa Kageye. Mzungu wa msafara ule aliyezikwa Kageye ni Frederick Barker, aliyefariki Aprili 1875. Alice hakufika ziwani kamwe. Alikuwa mchoraji, akafia Los Angeles mwaka 1931. Mashua nayo haikuzama Viktoria, iliachwa juu ya maporomoko ya Isangila, mto Kongo, mwaka 1877.

Dai linaloniuma ni kwamba Wazungu ndio waliolizunguka ziwa. Ndani ya mashua Mzungu alikuwa Stanley peke yake. Usukani aliushika Safeni, mtu wa Zanzibar, na njia ilionyeshwa na Saramba, mtu wa Kageye hapahapa. Safari ilichukua siku 57. Ukoo wa Alice umeandikwa hadi kwa samaki wa Ujerumani. Nyumba ambayo jina la Saramba bado linatajwa inihesabie vizazi, kutoka kwake hadi kwa watoto wa leo. Kalamu ninayo.