Bakteria wa Mathira na faili la herufi 1,460

Jamani, wiki iliyopita niko hapa Nyeri, kazi ya mteja haijaisha, akanijia rafiki anayesoma mikrobiolojia. Mkononi flashi, ndani yake faili moja la maandishi: A, C, G na T, herufi 1,460. Alichota udongo kwenye shamba la chai kule Mathira, akaotesha bakteria, akasoma jeni yake iitwayo 16S. Kila bakteria anayo, ina herufi kama 1,500, na hubadilika polepole sana. Ndicho kitambulisho chao.

Nikalitupa kwenye BLAST, programu inayolinganisha mfuatano wako na ile iliyowekwa GenBank. Jibu: ndugu wa karibu kabisa wanafanana kwa asilimia 97.9. Mpaka unaotumiwa sana na wataalamu ni 98.7. Nikaruka kitini. "Spishi mpya hiyo!"

"Wacha haraka," akaniambia.

Kumbe huo ni mwanzo tu. Jenomu nzima isomwe na kulinganishwa na za ndugu zake. Kufanana kukiwa chini ya asilimia 95 hivi, hao ni spishi mbili. Aelezwe anakula nini, anavumilia joto na chumvi kiasi gani. Halafu, ili jina likubalike, bakteria hai akabidhiwe kwa hifadhi mbili katika nchi mbili tofauti, na watafiti wengine waweze kumpata. Hapo nilifurahi: ni bekapu kwenye seva mbili!

Sasa tazama bekapu zetu ziko wapi. Bogoriella caseilytica (1997) na Cellulomonas bogoriensis (2005) walitoka Ziwa Bogoria, hata jina la ziwa wamelibeba. Kielelezo hai cha kila mmoja kimewekwa Braunschweig, Ujerumani. Mwaka 2004 KWS ililalamika hadharani kwamba vimeng'enya vya vijidudu vya ziwa hilo vinatumika kufifisha jinzi na Kenya haipati kitu. Mwaka 2006 zikaja kanuni za vibali vya kutoa sampuli nchini. Naelewa kwa nini. Lakini ukifunga mlango kabisa, mtafiti wa nje hampati huyo bakteria, na jina linakwama.

Kuna watakaoniambia tangu 2022 kuna SeqCode, inayokubali jenomu iwe kielelezo badala ya kiumbe hai. Mimi mtu wa programu ningepaswa kushangilia. Sishangilii. Faili halioti. Huwezi kulitia kwenye sahani ukajaribu dawa juu yake.

Rai yangu ni hii: kwa kila bakteria anayetoka kwenye udongo wetu, moja ya zile hifadhi mbili iwe Kenya, anayetaka sampuli aipate kwa mkataba ulioandikwa. Wala si anasa. Bakteria wengi hukaushwa wakiwa wamegandishwa, wakafungiwa kwenye vichupa vya kioo, wakakaa miongo. Chuo Kikuu cha Nairobi kimehifadhi rizobia, wale wa mizizi ya maharagwe, kwa miaka mingi. Kwa hiyo tunajua kufanya.

Faili la rafiki yangu ninalo, nimelinakili mara tatu. Bakteria mwenyewe yuko kwenye friji ya maabara, sahani mbili tu. Jana jioni stima ilipotea saa nne nzima.