Kabambare: chandarua kibaki kitandani, ndoano irudi Luama

Mwezi wa sita na wa saba, maji ya mto Luama yanapokuwa baridi asubuhi, samaki hutulia chini na huuma kwa uvivu. Mvuvi wa ndoano anangoja jua lipande, anateremsha mnyoo hadi chini, anavumilia. Mwenye chandarua hangoji. Anakokota tu, na wote wanatoka, hata vitoto visivyofika urefu wa kidole.

Chandarua hicho kilitolewa bure kuwakinga watoto na malaria, tena kina dawa ya kuua wadudu. Nyumba inapata hasara mara mbili: homa leo, mto mtupu kesho.

Huko Kenya, kwenye mito baridi ya Aberdare, samaki aina ya trauti walioletwa mwaka 1905 huvuliwa kwa ndoano iliyofungwa manyoya, mfano wa nzi. Ni mchezo wa wenye pesa, ndiyo, lakini ndoano inachagua samaki, chandarua hakichagui.

Kukataza peke yake hakutoshi, maana ndoano na uzi vinanunuliwa. Machifu na viongozi wa teritware watafute namna wavuvi wavipate kabla mvua hazijarudi, samaki wakaanza kuzaa.