Mlango Ufunguliwe Mara Moja

Kwa Mkurugenzi wa Forodha,
Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UKAGUZI WA MAGARI YA FRIJI MIPAKANI

Nasafirisha minofu ya sangara kutoka Mwanza. Iliyogandishwa huenda bandarini kwa kontena, na ile mbichi, iliyolazwa kwenye barafu, huvuka Sirari kuwahi ndege Nairobi. Naandika hadharani kwa sababu shida hii si yangu peke yangu. Inamkuta mwenye parachichi za Njombe, inamkuta mwenye maziwa, inamkuta na jirani yangu wa Kenya anayeleta bidhaa zake upande wetu.

Ombi lenyewe nalitanguliza: gari la friji likifika mpakani, mlango wake ufunguliwe mara moja tu, mbele ya maofisa wote wanaohusika wa nchi zote mbili, karatasi zikiwa zimekwisha kusomwa. Na kama karatasi na mashine vimetosheleza, usifunguliwe kabisa.

Kuna dhana inayotuumiza, nayo wanayo hata maofisa wenye nia njema. Wanauona mtambo uliopachikwa mbele ya kontena, wanasikia unavyonguruma, wanaamini mzigo ukipata joto utapozwa tena njiani. Mtambo ule haukutengenezwa kugandisha. Minofu inaingia ndani ikiwa tayari imeganda, nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, na kazi ya mtambo ni kuondoa joto linalopenya kutani kabla halijaufikia mzigo. Hewa ya baridi hupita kwenye mifereji ya sakafu, hupanda pembeni mwa maboksi, hurudi kwa juu. Ndiyo maana kuna mstari mwekundu ukutani ambao maboksi hayaruhusiwi kuuvuka.

Sasa fungua mlango huo saa saba mchana. Hewa ya baridi ni nzito, humwagika kwa chini. Ya joto yenye unyevu huingia kwa juu. Unyevu ule unakwenda kuganda kwenye koili za mtambo, na mtambo hulazimika kuacha kupoza ili uyeyushe kwanza barafu iliyoushika. Dakika za mlango kuwa wazi hulipwa baadaye, barabarani, kwa muda mrefu zaidi na kwa dizeli. Maboksi yaliyo karibu na mlango ndiyo yanayoumia kwanza. Mnofu ukilegea kisha ukaganda tena taratibu, chembe za barafu hukua na kuichana nyama, na mpishi akija kuuyeyusha anakuta maji yamejaa kwenye sahani. Mpishi huyo hajui habari za mpaka. Anachokijua ni jina la kiwanda lililoandikwa kwenye boksi.

Samaki mbichi ana hesabu yake. Anatakiwa akae kwenye joto la barafu inayoyeyuka, nyuzi sifuri hadi mbili, na siku zake za sokoni zilianza kuhesabiwa tangu alipotolewa ziwani. Usiku mmoja wa foleni haumwozeshi, ila unamkosesha ndege. Parachichi nalo linapumua likiwa ndani ya boksi na kutoa joto lake lenyewe, kwa hiyo hewa ikisimama linaanza kuiva kabla halijaifikia meli.

Katika mpaka mmoja, ambao sitautaja, kontena langu lilifunguliwa na ofisa wa forodha, likafungwa. Akaja wa viwango, likafunguliwa. Akaja wa uvuvi kutoka upande wa pili, likafunguliwa tena, na likaachwa wazi wakati yeye amerudi ofisini kutafuta mhuri. Hakuna aliyevunja sheria, kila mmoja alikuwa kazini. Lakini kila mara lakiri ilikatwa na kuwekwa nyingine, hata namba iliyokuwa mlangoni ikawa hailingani na ile iliyoandikwa kwenye cheti cha afya. Kituo kilichofuata kikaona kasoro hiyo, kikataka kufungua ili kujiridhisha. Ukaguzi ukazaa ukaguzi.

Naelewa kwa nini mnakagua. Wasafirishaji wa magendo wanajua ofisa husita kufungua friji, na wapo wanaoutumia mwanya huo. Tena sisi wa sekta ya samaki ndio wa mwisho kulaumu umakini. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwa hofu ya salmonela, kisha kipindupindu, kisha uvuvi wa sumu. Aliyekuwa Mwanza miaka ile anakumbuka viwanda vilivyonyamaza. Tulitoka huko kwa kupeleka ukaguzi kwenye chanzo: mialoni, viwandani, na kwenye maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi. Salmonela haionekani kwa kufungua mlango na kuchungulia. Inahitaji sampuli, maabara na siku kadhaa. Ofisa wa mpakani mwenye kipimajoto cha mkononi anaweza kujua jambo moja tu, yaani kama mzigo ulikaa kwenye baridi, na hilo linajibiwa na kinasa joto kilichomo ndani ya kontena, ambacho kumbukumbu zake husomwa bila kugusa lakiri.

Kinasa joto, nikiri kwa niaba ya wenzangu, hakimwonei haya mwenye mzigo. Wapo madereva wanaozima mtambo usiku ili wauze dizeli, wakauwasha tena alfajiri. Kisomeni. Kikionyesha joto lilipanda, fungueni, pimeni, kataeni mzigo ikibidi. Atakayelalamika mwacheni alalamike.

Wala siombi upendeleo mpya. Mkataba wa Kuwezesha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani ulianza kutumika tarehe 22 Februari 2017. Kenya iliuridhia mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2020. Kifungu cha 7, aya ya 9, kinazungumzia bidhaa zinazoharibika haraka: zipewe kipaumbele katika kupanga ukaguzi, ziachiliwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, na pakiwa na sababu ya pekee hata nje ya saa za kazi. Zikicheleweshwa sana, mwenye mzigo akiandika kuuliza, aelezwe sababu kadiri inavyowezekana. Sisi kwa kawaida huambiwa tusubiri.

Hata sheria yetu wenyewe inajua kwamba chakula huoza. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, inaruhusu bidhaa za aina hii zilizowekwa kwenye ghala la forodha kuuzwa bila hata kumpa mwenyewe notisi, wakati mzigo mwingine unapewa muda. Kwa hiyo haraka ipo pale serikali inapouza. Ningependa iwepo na pale mwenye mzigo anapopita.

Majengo tunayo. Vituo vya pamoja vimejengwa, na Jumuiya ina sheria yake ya vituo hivyo ya mwaka 2016, ili maofisa wa nchi mbili wafanye kazi chini ya paa moja. Chini ya paa hilo bado kila mmoja ana dirisha lake na saa yake ya chakula. Waraka wako mmoja kwa wakuu wa vituo unaweza kuwakutanisha mbele ya mlango mmoja, kisha lakiri mpya iandikwe papo hapo kwenye cheti na wote watie sahihi. Soketi za umeme za kuchomeka kontena wakati wa kusubiri zitahitaji bajeti, na najua hizo zitachelewa. Hili la mlango halihitaji bajeti.

Chagueni kituo kimoja, mjaribu kwa miezi mitatu. Wasafirishaji tulio tayari tutawakabidhi kumbukumbu zote za vinasa joto vyetu, za kabla na za baada, pamoja na zile zitakazotuaibisha. Mkiona hakuna tofauti, rudisheni utaratibu wa zamani.

Nasubiri jibu la maandishi.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,
Msafirishaji wa samaki, Mwanza