Viza ya dhahabu ya Dubai na ikama maalum ya Saudia: Ni ya nani, na nani anatapeliwa?

Kwa muda sasa wasikilizaji wetu wamekuwa wakitutumia swali moja kwa namna tofauti. Je, ni kweli kwamba nchi za Ghuba siku hizi zinawapa wageni ukaaji wa kudumu? Na kama ni kweli, je, binti yangu anayefanya kazi za nyumbani Riyadh anaweza kuupata? Wengine wameshaambiwa na ajenti watoe pesa za kianzio ili waandikishwe kwa "viza ya dhahabu", na wanauliza kama wauze ng'ombe au kipande cha shamba.

Jibu fupi ni hili. Vibali hivyo vipo na ni vya kweli. Lakini havikuwekwa kwa ajili ya mfanyakazi wa nyumbani, na hakuna ajenti aliye na kibali cha kuuza mkononi. Jibu refu linahitaji tuelewe vibali hivi vilitoka wapi, vinagharimu nini na vinampa mtu haki gani.

Mambo yalivyokuwa: kila mgeni na kafili wake

Kwa miaka mingi, mgeni aliyeingia nchi za Ghuba kufanya kazi aliishi chini ya kafili, yaani mwajiri au mwenyeji aliyemdhamini. Ikama yake, ambayo ni kitambulisho cha ukaaji, ilifungwa kwa kafili huyo. Kazi ikiisha, na ukaaji umeisha. Hata daktari aliyetibu watu kule miaka 25 alijua kwamba siku ya kustaafu ndiyo siku ya kufunga mizigo.

Matokeo yake ni kwamba wageni walikuwa wanachuma pesa na kuzituma kwao. Wachache walinunua nyumba au kufungua kampuni katika nchi ambayo wangeweza kuondolewa wakati wowote.

Kwa nini wamebadilika?

Nchi hizo zinajua kwamba mafuta hayawezi kuzilisha milele. Mwaka 2016 Saudi Arabia ilitangaza mpango wake wa maendeleo wa kufikia 2030, na lengo kubwa ni kuwa na uchumi usiotegemea mafuta peke yake. Kwa hilo inahitaji mitaji, wahandisi, madaktari, watafiti na watu wa teknolojia. Watu wa namna hiyo wanatafutwa pia na Canada, Ujerumani na Australia, na huwezi kuwavuta kwa kuwaambia wataishi chini ya kafili.

Pia kuna ushindani wa ndani. Dubai imekuwa makao ya kampuni nyingi kubwa za kigeni, na Riyadh inataka kampuni hizo zihamie kwake. Tangu Januari 2024, kampuni ya kigeni isiyo na makao makuu ya kanda ndani ya Saudi Arabia inawekewa vikwazo vya kupata zabuni za serikali huko. Makao ya kampuni yakihama, mabosi na wataalamu wake nao wanahitaji mahali pa kuishi na familia zao.

Viza ya dhahabu ya Falme za Kiarabu

Umoja wa Falme za Kiarabu, yaani Dubai, Abu Dhabi na wenzao, ulianza kutoa viza ya dhahabu mwaka 2019, na masharti yakalegezwa Oktoba 2022. Kwa makundi mengi, viza hii ni ya miaka 10 na inaweza kuongezwa.

Kuna njia kadhaa za kuipata. Mtu anayenunua nyumba au ardhi yenye thamani ya dirhamu milioni 2 anaweza kuomba. Dirhamu moja ni takriban shilingi 35 za Kenya, kwa hiyo hapo tunazungumzia shilingi milioni 70. Mfanyabiashara mwenye wazo jipya anaweza kupata ya miaka 5 ikiwa mradi wake una thamani ya dirhamu 500,000 au zaidi na umeidhinishwa na mamlaka husika. Mtaalamu aliyeajiriwa anatakiwa kuwa na shahada, mkataba wa kazi na mshahara wa dirhamu 30,000 kwa mwezi, zaidi kidogo ya shilingi milioni moja. Wapo pia wanasayansi, madaktari na wanafunzi waliofaulu sana.

Mwenye viza hii hahitaji kafili. Anaweza kukaa nje ya nchi zaidi ya miezi 6 bila kupoteza ukaaji wake, jambo ambalo mwenye ikama ya kawaida hana ruhusa nalo. Anaweza kuleta mke au mume na watoto. Na anaweza kudhamini wafanyakazi wa nyumbani bila kikomo cha idadi.

Hapo pa mwisho pasikupite, msikilizaji. Mama wa kijijini anaweza kuwa na binti anayefanya kazi katika nyumba ya mtu mwenye viza ya dhahabu. Tajiri wake ni mgeni kama yeye, lakini amekuwa kafili. Binti bado ni wa kudhaminiwa.

Ikama maalum ya Saudi Arabia

Saudia ilianza mwaka 2019. Kwanza iliweka ikama maalum za aina mbili: isiyo na mwisho kwa riyali 800,000, na ya mwaka mmoja kwa riyali 100,000. Riyali ni karibu sawa na dirhamu, kwa hiyo ile ya kudumu ni zaidi ya shilingi milioni 27 za Kenya.

Januari 2024 yakaongezwa makundi matano: wenye ujuzi wa pekee, wenye vipaji katika utamaduni na michezo, wawekezaji, wajasiriamali, na wenye nyumba. Ada ya makundi haya ni riyali 4,000 tu. Hapo ndipo matapeli wanapopata chambo, kwa sababu wanataja ada na kunyamaza kuhusu masharti. Mwekezaji anatakiwa aweke riyali milioni 7. Mwenye nyumba anatakiwa awe na nyumba ya riyali milioni 4 isiyo na deni la benki. Mkurugenzi wa kampuni au daktari bingwa anatakiwa aonyeshe mshahara wa makumi ya maelfu ya riyali kila mwezi.

Sasa tupige hesabu. Mshahara unaotajwa sana kwa mfanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya aliyeko Saudia ni riyali 900 hadi 1,000. Tuseme ni 1,000, na asile, asivae, asitume hata senti nyumbani. Kufikisha zile riyali 800,000 kutamchukua miezi 800. Hiyo ni miaka 66 na miezi 8.

Si hivyo tu. Machi 2021 Saudia ililegeza sheria za kafili, wafanyakazi wengi wa kampuni wakaruhusiwa kubadilisha mwajiri kwa urahisi zaidi. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuhusishwa. Kwa hiyo nchi hiyo hiyo ilimwondolea tajiri kafili, ikamlegezea kamba mfanyakazi wa kampuni, na mpishi na mlezi wa watoto wakabaki palepale.

Majirani zao nao wana mipango yao. Oman ina ukaaji wa miaka 5 na 10 kwa wawekezaji. Qatar ilipitisha sheria ya ukaaji wa kudumu mwaka 2018, lakini inataka mgeni awe ameishi huko kihalali miaka 20 na ajue Kiarabu, na idadi ni watu 100 kwa mwaka.

"Kudumu" ni kudumu kweli?

Neno hili linapotosha. Viza ya dhahabu ina tarehe ya mwisho. Inadumu kwa sababu inaongezwa, na inaongezwa ikiwa bado unatimiza masharti. Ukiuza nyumba iliyokupa viza, huna tena sababu ya kuwa nayo. Na viza hii haikupi haki ya uraia. Ikama maalum ya Saudia nayo, hata ile isiyo na mwisho, haimfanyi mtu kuwa raia.

Hiyo ni tofauti kubwa na Canada. Kule mtu aliyepewa ukaaji wa kudumu anaweza kuomba uraia akishaishi nchini siku 1,095 ndani ya miaka 5. Kwa hiyo ajenti akikuambia kwamba viza ya dhahabu ni "njia ya pasipoti ya Dubai", ujue hapo mazungumzo yameisha.

Uongo uliosambaa dunia nzima

Usidhani ni watu wa vijijini kwetu tu wanaodanganywa. Julai 2025 habari zilienea, hasa India na Bangladesh, kwamba Falme za Kiarabu zinatoa viza ya dhahabu ya maisha kwa malipo ya dirhamu 100,000, na kwamba kampuni moja ya ushauri imepewa kazi ya kupokea maombi. Vyombo vikubwa vya habari viliitangaza. Siku chache baadaye mamlaka ya uhamiaji ya Falme za Kiarabu ikakanusha. Ilisema maombi yote yanapitia njia rasmi za serikali, na hakuna kampuni ya ushauri, ya ndani wala ya nje, inayotambuliwa kupokea maombi hayo. Kampuni ile iliomba radhi.

Ikiwa magazeti makubwa yaliingia mtegoni, mzee aliyepokea ujumbe huo kwenye WhatsApp ya ukoo asionewe aibu. Lakini asitume pesa.

Njia ambayo mtoto wa mkulima anaweza kuipita

Ipo njia, ila ni ndefu, na inaanza na cheti. Mfano mzuri ni wauguzi. Mei 2025, katika Siku ya Kimataifa ya Wauguzi, mwana mfalme wa Dubai, Sheikh Hamdan bin Mohammed, aliagiza wauguzi wa shirika la afya la serikali la Dubai waliotumikia zaidi ya miaka 15 wapewe viza ya dhahabu. Hao hawakununua nyumba ya milioni 2. Walifanya kazi.

Muuguzi wa kwetu anayetaka njia hiyo anatakiwa kwanza awe amesajiliwa na baraza la wauguzi la nchi yake. Kisha vyeti vyake vinahakikiwa moja kwa moja na chuo kilichovitoa. Baada ya hapo kuna mtihani wa kwenye kompyuta na leseni ya mamlaka ya afya ya kule anakokwenda. Cheti cha kununua kinakwama katika hatua ya uhakiki, na jina la mtu linaweza kufungiwa. Mkataba wa kazi unakuja baada ya hayo yote, na ukaaji wa muda mrefu unakuja baada ya miaka ya kazi.

Kwa fundi wa mitambo, mhandisi au kijana wa kompyuta, mpangilio ni ule ule: ujuzi unaothibitishika, kazi, mshahara unaopanda, halafu ukaaji.

Kabla hujatoa hata shilingi

Muulize ajenti mambo haya, na umtake ajibu kwa maandishi:

Je, kampuni yake imesajiliwa? Kenya, orodha ya mawakala wenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tanzania, uliza ofisi ya kazi iliyo karibu nawe au Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA.

Je, ni kibali gani hasa anachokitaja, na ni sharti lipi la kibali hicho ambalo wewe unalitimiza? Kama huna shahada, mtaji wala mshahara unaotakiwa, jibu lake lolote ni hadithi.

Je, pesa zinalipwa kwa nani? Ada ya viza ya dhahabu au ikama maalum hulipwa serikalini kupitia tovuti rasmi. Hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Na kama kinachotafutwa ni kazi ya nyumbani Saudia, mkataba unapitia mfumo wa serikali yao uitwao Musaned, na gharama za kuajiri ni za mwajiri. Binti apige picha ya mkataba kabla hajaondoka, na nakala ibaki nyumbani. Kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinampa siku ya kupumzika kila wiki na kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku, na mwajiri haruhusiwi kushika pasipoti yake. Hizo ndizo haki za kumfundisha mwanao leo, kwa sababu ndizo zinazomhusu.

Jambo la kufikiriwa na viongozi wetu

Nchi za Ghuba zimeamua wazi ni mgeni yupi wanataka abaki. Wanataka muuguzi, daktari na mhandisi, yaani watu ambao zahanati zetu na barabara zetu zinawahitaji pia, na ambao wamesomeshwa kwa kodi zetu na mauzo ya mifugo yetu. Mfanyakazi wa nyumbani wanamtaka afanye kazi, kisha arudi.

Serikali zetu zinapokaa mezani na Riyadh au Abu Dhabi kujadili ajira, idadi ya watakaopelekwa ndiyo hutangazwa kwanza. Swali ambalo kila mzazi ana haki ya kumuuliza mbunge wake ni hili: mfanyakazi wa nyumbani aliyetumikia nyumba moja kwa miaka 15 kama yule muuguzi, mmemwombea nini?